Karatasi ya mtaalamu nayo huulizwa maswali

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba twende pamoja kusini, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Mtu wa mjini akisikia majina hayo hukumbuka korosho, ufuta na mbaazi. Mimi leo nataka tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kutajwa pamoja na wilaya hizo, nalo ni namna ya kumfundisha mwanafunzi wa baiolojia kusoma makala ya utafiti wa kisayansi, kuipima, na kusema waziwazi ni wapi inasimama na ni wapi inachechemea.

Najua wapo watakaoguna. Watasema hayo ni mambo ya maprofesa, si ya watoto wa kidato cha tano ambao maabara yao ina darubini moja. Kabla hatujakubaliana nao, naomba tukumbuke kwamba ni sehemu chache za nchi hii zilizoonja matunda ya ripoti ya kitaalamu isiyohojiwa kama Nachingwea ilivyoyaonja.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, akatoa wazo kwamba karanga zilimwe kwa matrekta katika Afrika Mashariki. Serikali ya huko ikatuma watu watatu waje kuangalia. Kiongozi wao alikuwa John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Wa pili alikuwa meneja wa mashamba wa kampuni ile ile iliyotoa wazo. Wa tatu alikuwa mtu wa mambo ya fedha. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari wakiwa ndani ya ndege, kisha wakaandika ripoti. Ripoti hiyo ilisema ekari 3,210,000 zifyekwe na kulimwa, nyingi zikiwa Tanganyika, na kwamba katika miaka michache zingepatikana tani 600,000 za karanga kwa mwaka.

Yaliyofuata yanajulikana. Kongwa, ambako kazi ilianza mwaka 1947, udongo ulikuwa na mfinyanzi uliokauka na kuwa mgumu kama saruji mara mvua zilipokatika, na mvua zenyewe hazikutabirika. Nachingwea ikafyekwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikafika Nachingwea mwaka 1949. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwenda na maji. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa.

Sasa tuichukue ripoti ile, tumpe mwanafunzi wa baiolojia, tumwambie aikague. Hahitaji shahada. Atauliza: katika watu watatu hawa, mtaalamu wa udongo ni nani? Hakuwapo. Je, kabla ya kusema ekari milioni tatu, walipanda ekari ngapi za majaribio? Takwimu za mvua walizotegemea zilikuwa za miaka mingapi, na zilipimwa wapi? Na huyu meneja anayetoka katika kampuni iliyoleta wazo, anaweza kweli kusema wazo la bosi wake halifai? Maswali manne tu, ndugu msikilizaji. Yangeulizwa na watu wenye nguvu ya kuyasikiliza, labda historia ya kusini ingekuwa nyingine.

Huo ndio uhakiki ninaousema. Makala ya utafiti si barua kutoka mbinguni. Ni maelezo ya watu waliojiuliza swali, wakaenda kupima kitu, wakapata matokeo, na wakatoa maoni yao kuhusu maana ya matokeo hayo. Kabla jarida la kisayansi halijaichapa, huwapelekea wataalamu wengine wa fani hiyo waisome na kuikosoa. Kazi hiyo hufanywa na binadamu, na binadamu hupitiwa. Kwa hiyo msomaji naye ana sehemu yake ya kazi, na sehemu hiyo hufundishika.

Katika safari moja ya kikazi nilipata nafasi ya kukaa nyuma ya darasa la kidato cha tano, katika shule moja ya sekondari huko Nachingwea, nikamtazama mwalimu wa baiolojia akiifundisha. Alikuwa amechapisha kurasa chache za makala moja, na wanafunzi wanne wanne wakachangia karatasi moja. Makala yenyewe ilitoka mwaka 2013 katika jarida linalosomwa bure kwenye intaneti. Ilihusu wagonjwa wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi, kati ya mwaka 2007 na 2008.

Matokeo yake ni ya kushtua. Kati ya wagonjwa 870, madaktari waliwaandikia 528 kwamba wana malaria. Watafiti walipopima damu kwa makini maabara, waliokuwa na homa iliyosababishwa na malaria walikuwa 14 tu. Yaani katika kila wagonjwa 100, 60 na ushei walitajiwa malaria, na waliokuwa nayo hasa hawakufika wawili. Wengine walikuwa na magonjwa mbalimbali, yakiwemo yale yanayotoka kwa wanyama, kama homa ya mgunda, ambayo wataalamu huiita leptospirosisi.

Mwalimu akauliza: "Mnaiamini?"

Kijana mmoja wa mbele akasimama haraka. "Naiamini, mwalimu, kwa sababu imeandikwa na madaktari na ina takwimu."

"Haya, kaa. Mwingine?"

Kimya. Kisha binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha, kwao Ruangwa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Hao wagonjwa walikuwa wa Moshi peke yake?"

"Usiniulize mimi. Angalia sehemu ya mbinu za utafiti."

Wakaangalia, vichwa vinne juu ya karatasi moja. Wakakuta kweli, Moshi peke yake. Binti akaendelea: "Moshi ni mlimani, kuna baridi. Mbu wa huko si wengi kama wa kwetu. Sasa mganga wa zahanati ya kwetu akiisoma hii akaacha kutibu malaria, si ataua watu?"

Darasa likachangamka. Mwingine akasema hawa ni waliolazwa hospitali, na wale wanaougulia nyumbani huenda wana magonjwa tofauti. Wa tatu akasema tangu mwaka 2008 vipimo vya haraka vya malaria vimeenea, hivyo huenda hata Moshi kwenyewe mambo yamebadilika. Yule kijana wa mbele, ambaye mwanzoni aliamini kila kitu, sasa akataka kuitupa makala yote. "Basi haina maana kwetu!" akasema.

Hapo ndipo mwalimu alipofanya kazi iliyonifurahisha zaidi. Akamwambia: "Hapana, mwanangu. Umetoka shimo moja unatumbukia la pili. Namba zake ni za Moshi, hizo waachie wenyewe. Swali lake je? Kwamba si kila homa ni malaria, hilo nalo ni la Moshi tu?"

Ndugu msikilizaji, naomba tulisikilize vizuri jibu la swali hilo, kwa sababu lilikuja kutolewa Ruangwa kwenyewe. Julai 2022 wagonjwa walianza kufika katika kituo cha afya cha Mbekenyera, wilayani Ruangwa, wakiwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Nchi nzima ilishtuka. Uvumi ulienea kuliko ugonjwa wenyewe, na midomoni mwa watu Ebola na Marburg vilikuwa vimekwisha kufika. Wataalamu walichukua sampuli, wakapima. Ebola haikuwapo. Marburg haikuwapo. Uviko haukuwapo. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ni homa ya mgunda. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 20, na watatu kati yao walipoteza maisha.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria wanaotoka katika mkojo wa wanyama, hususan panya, wakaingia katika maji na matope, kisha wakampata binadamu kupitia michubuko ya ngozi au macho na mdomo. Kwa hiyo mkulima anayelima pekupeku kwenye tope yumo hatarini. Habari njema ni kwamba dawa za kawaida za kuua bakteria huutibu ukigunduliwa mapema. Na si mgeni katika nchi hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamekuwa wakiuchunguza kwa miaka mingi, kiasi kwamba aina moja ya bakteria hao iliyopatikana huko inaitwa Sokoine katika vitabu vya wataalamu wa dunia.

Tazama basi. Miaka tisa kabla ya Mbekenyera, makala ilikuwa imekwisha chapishwa ikiwaambia Watanzania kwamba katika homa tunazoziita malaria imo na homa ya mgunda. Aliyeisoma kwa kuamini tu angechukua namba za Moshi na kuzibandika Lindi, akakosea. Aliyeisoma kwa kubeza angeitupa, akakosea vile vile. Aliyeihakiki angeziacha namba na kulibeba swali: huyu mgonjwa, kama kipimo cha malaria kimesema hana, ana nini? Hiyo ndiyo faida ya uhakiki. Humfundisha mtu nini akichukue na nini akiache.

Nasisitiza hilo kwa sababu wapo wanaodhani kuhoji ni kukataa. Siku hizi kila mwenye simu amekuwa mtafiti, na neno "mimi nahoji" limekuwa kichaka cha kuficha ubishi. Mtu anahoji chanjo, anahoji dawa, lakini ukimuuliza anataka uthibitisho wa namna gani ili aridhike, hana jibu. Mhakiki wa kweli hutaja kasoro kwa jina na hueleza ingerekebishwa vipi.

Tuchukue mfano wa korosho, ambazo kila mtoto wa Nachingwea na Ruangwa anazijua. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalishuka hadi chini ya tani 20,000. Kwa nini? Mchumi alisema ni bei duni kwa mkulima. Mwanasiasa alisema ni kuhamishiwa watu katika vijiji, mikorosho ikabaki porini bila mwenyewe. Mtaalamu wa mimea alisema ni ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaoshambulia maua na majani machanga, uliotambuliwa katika mikorosho yetu miaka ya 1970 ikielekea mwisho. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, na mambo yote matatu yalitokea karibu kipindi kimoja. Mambo mawili kutokea pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Jogoo huwika na jua likachomoza, lakini hajapata kulichomoza.

Ndiyo maana watafiti wa Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walifanya majaribio shambani. Kanuni yake ni rahisi: mikorosho hii ipulizwe salfa, ile ya jirani isipulizwe, udongo ni mmoja, mvua ni moja, bei ni moja. Ikiwa iliyopulizwa imezaa na isiyopulizwa haikuzaa, basi salfa imefanya kazi. Ile mikorosho isiyopulizwa ndiyo kundi la kulinganisha. Mwanafunzi akiielewa hiyo mikorosho, ameelewa nusu ya sayansi. Siku akiletewa tangazo kwamba watu 50 wamekunywa dawa fulani wakapona, ataliuliza: na wasiokunywa je, walipona wangapi?

Na bado aendelee kuuliza. Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000. Je, ni salfa peke yake? Miche mipya haikuwapo? Bei haikupanda? Majaribio ya shambani yalijibu kwamba salfa huzuia ubwiri unga. Hayakujibu kila kitu kuhusu uchumi wa korosho, na mtafiti anayedai kwamba yamejibu amevuka mpaka wa ushahidi wake. Kasoro hii ndiyo wanafunzi huipata mara nyingi zaidi wakishazoea, kwamba matokeo ni ya kilo moja na hitimisho ni la gunia.

Pengine utasema majarida makubwa ya dunia yamechuja yote hayo. Februari 1998 jarida la The Lancet la Uingereza, mojawapo ya majarida ya tiba yanayoheshimiwa mno, lilichapa makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji wa watoto. Mwandishi wa kwanza alikuwa Andrew Wakefield. Msimchanganye na yule wa karanga, ni sadfa ya majina tu. Watoto waliochunguzwa walikuwa 12. Kumi na wawili! Kundi la kulinganisha halikuwapo. Wazazi wakatishika, chanjo zikapungua, surua ikarudi mahali ilipokuwa imesahaulika. Jarida liliifuta makala hiyo Februari 2010, na mwandishi wake akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza mwaka huo huo. Miaka 12 kwa watoto 12. Mwanafunzi wa kidato cha tano aliyezoezwa kuuliza "walikuwa wangapi, na walilinganishwa na nani?" asingehitaji kungoja miaka yote hiyo ili aanze kutilia shaka.

Sasa kwa nini hatuwafundishi? Vikwazo ninavyoviona ni vitatu.

Cha kwanza ni mtihani. Mwanafunzi wetu anajua kwamba alama hupatikana kwa kutaja sehemu za seli na kuchora figo. Kuuliza swali zuri hakuna alama. Mwalimu naye hupimwa kwa divisheni za wanafunzi wake, basi ataanzaje kupoteza vipindi viwili kwa makala moja?

Cha pili ni lugha. Makala hizi huandikwa kwa Kiingereza kizito. Wengi husoma ikisiri peke yake, yaani ule muhtasari wa mwanzo ambamo mwandishi hujisifu, kisha hufunga karatasi. Katika darasa lile la Nachingwea nilishuhudia jambo ambalo wakubwa wanaosimamia elimu wangelitazama. Makala ilisomwa kwa Kiingereza, lakini mjadala ulifanywa kwa Kiswahili. Yule binti wa Ruangwa, lau angelazimishwa kuuliza kwa Kiingereza, nina hakika angenyamaza, na darasa lote lingekosa swali bora la siku hiyo.

Cha tatu ni adabu yetu tuliyoielewa vibaya. Tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi, na mtaalamu ni mkubwa. Lakini hata barazani mzee akisimulia, vijana humuuliza kwa heshima: "Babu, hilo uliliona mwenyewe au uliambiwa?" Swali hilo ni uhakiki kamili, na mzee mwenye hekima hachukii kuulizwa. Msema kweli hukaribisha maswali.

Ushauri wangu ni mdogo na hauhitaji fedha nyingi. Kila muhula, darasa la baiolojia la kidato cha tano na cha sita lisome makala moja tu, iliyofanywa Tanzania, juu ya jambo wanalolijua: homa, korosho, ufuta, panya. Kila kikundi kijibu maswali matano. Watafiti walitaka kujua nini? Walipima nini, wapi, na wangapi? Walilinganisha na nini? Hitimisho lao linatoshana na matokeo yao? Na nani aliyegharimia kazi, ana faida gani? Kisha waandike ukurasa mmoja, na ukurasa huo upewe alama. Vyuo vya ualimu navyo vimzoeshe mwalimu mtarajiwa kufanya hivyo kabla hajatumwa shuleni. Na watafiti wanaokuja kuchukua damu, udongo na majani katika vijiji vyetu, warudi na matokeo yao kwa Kiswahili. Si haki mtu wa Mbekenyera atoe sampuli, halafu majibu yake yasomwe London lakini yasisomwe Mbekenyera.

Naliona jambo hili kuwa la haraka kwa wilaya hizi mbili kuliko tunavyodhani. Ruangwa kuna madini ya kinywe. Popote penye madini patakuja ripoti za athari kwa mazingira, ripoti za maji, ripoti za vumbi, zote zikiwa na mihuri na majina makubwa. Kwa wakulima zitakuja dawa mpya za korosho, kila moja na karatasi yake ya utafiti. Wanakijiji wataitwa mkutanoni waambiwe, "Wataalamu wamethibitisha." Katika mkutano huo ni lazima awepo mtu mmoja wa kunyoosha mkono na kuuliza, kwa adabu, mlipima visima vingapi, na mlipima masika au kiangazi? Mtu huyo hatatoka Dar es Salaam. Atakuwa yule binti wa dirishani, au mwenzake, kama tutakuwa tumemfundisha.

Mwaka 1946 watu wa Nachingwea hawakuulizwa, na hawakupewa nafasi ya kuuliza. Walikuwa chini ya mkoloni. Leo hatuna kisingizio hicho.